Kompyuta ya bodi ya lori

Kompyuta ya bodi ni kisanduku cha kielektroniki kinachoongoza taa, indiketa, waipa, honi, kufuli za milango na vioo vya umeme vya gari. Mafundi huiita BCM. Katika lori la kisasa haiko peke yake: injini ina kompyuta yake, breki zina yake, na mara nyingi gia pia, na zote huwasiliana. Makala hii inaeleza namna BCM inavyoharibika, inavyopimwa na inavyobadilishwa katika kaunti za Migori na Homa Bay, kusini-magharibi mwa Kenya. Huko malori ya miwa ya Awendo, ya samaki wa Ziwa Victoria na ya mizigo inayovuka mpaka wa Isebania hutegemea barabara ya A1 na matawi yake.

Si kila lori linayo

Malori mengi ya zamani ya Isuzu na Fuso hayana BCM. Umeme hutoka kwenye betri, hupita fyuzi, swichi, relei na flesha, kisha hufika kwenye balbu. Indiketa zikigoma katika lori la namna hiyo, fundi hubadilisha flesha au husaka waya uliokatika, na kazi huisha. Anayemwambia mwenye lori kama hilo kwamba kompyuta ya bodi imekufa anamdanganya.

Katika malori mapya, yakiwemo mengi yaliyoingizwa kutoka Ulaya, swichi haibebi tena mzigo wa umeme. Hutuma ujumbe tu, BCM huupokea, kisha yenyewe huiwasha taa kwa transista. Ujumbe kati ya kompyuta husafiri kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, katika mfumo uitwao CAN ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Katika baadhi ya malori BCM ndiyo hutunza pia siri ya ufunguo, na ikifa injini haiwaki ingawa haina ubovu wowote.

Kinachoiua

BCM hufa mara chache kwa uzee. Kwa kawaida huuawa, na wauaji wanajulikana.

Wa kwanza ni maji. Mpira wa kioo cha mbele ukichakaa, mvua za Machi hadi Mei hupenya nyuma ya dashibodi, na taniboi anayeosha sakafu ya kebini kwa mpira wa maji humalizia kazi hiyo. Ukichomoa soketi iliyolowa utaona pini za shaba zimeota unga wa kijani, na pengine moja imelika ikabaki nyembamba kama sindano. Kwenye malori ya samaki, maji ya barafu huchuruzika chini ya boksi na kulowesha viungio vya taa za nyuma, na shoti inayozaliwa huko hurudi hadi kwenye kompyuta.

Wa pili ni kuchomelea. Bodi za malori ya miwa hupasuka na huchomelewa mara kwa mara. Mchomeleaji asipotoa vichwa vya betri, au akibana erthi yake mbali na mahali anapochoma, mkondo mkubwa hutafuta njia kupitia nyaya za gari.

Wa tatu amezoeleka mno hata watu hawamwoni kuwa adui. Lori la volti 24 lina betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Dereva anayetaka redio au chaja ya simu huvuta waya kutoka betri moja tu. Betri hiyo hushuka, mwenzake hujazwa kupita kiasi, na betri zote mbili huharibika kabla ya wakati. Siku lori linapokataa kuwaka huamshwa kwa kuunganishwa na lori jingine, pengine nyaya zikiwa zimegeuzwa, na hapo BCM huungua. Kibadilisha volti 24 kuwa 12 kina bei ndogo sana kuliko kompyuta.

Kupima kabla ya kununua

Mara nyingi taa kuwakawaka ovyo hutokana na erthi mbovu, wala si BCM. Multimita inatosha kuanzia. Betri zilizojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma volti 25 na ushei. Injini ikinguruma, kati ya 27 na 29 hivi. Kisha taa kubwa huwashwa, ncha moja ya mita huwekwa kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye pini ya erthi ya BCM. Ikisoma zaidi ya nusu volti hivi, erthi isafishwe kwanza. Mwisho, betri zikiwa zimetolewa, hupimwa ukinzani kati ya nyaya mbili za CAN: takriban omu 60 ni salama, 120 huashiria waya uliokatika au kikinza kimoja cha mwisho wa nyaya kukosekana, na karibu sufuri ni nyaya zilizogusana.

Kubadilisha

Kufungua na kufunga ni kazi nyepesi. Ugumu uko kwenye programu. Kabla ya kung'oa ile ya zamani, fundi huisoma kwa mashine na kuhifadhi mpangilio wake, kama bado inajibu. Namba ya kifaa kipya lazima ilingane na ya zamani. Kisha kifaa hufundishwa namba ya chesisi, funguo na vifaa vilivyomo kwenye lori hilo. BCM za mtumba, ziletwazo kutoka Kisumu au maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, hubeba kumbukumbu za lori lililovunjwa. Baadhi hufutika na kuandikwa upya, nyingine hazifutiki kabisa, kwa hiyo muuzaji aulizwe kabla ya fedha kutolewa. Wakati wa kuandika programu volti isiyumbe: chaja imara iwe kwenye betri, na pawe na jenereta karibu, kwa kuwa stima ikipotea katikati, kifaa kipya kinaweza kufa mezani.

Kazi ikiisha, trela liunganishwe na kila taa ijaribiwe usiku, hasa za breki na za hatari, maana lori lililokwama gizani kwenye A1 bila taa huua watu. Nawe mwenye lori, usilipie BCM kabla fundi hajakuonyesha kwa macho yako namba za erthi na za volti.