Jua Linapokuchwa Mapema

Msomaji mpenzi, wewe uliyelelewa karibu na mstari wa ikweta hujapata kulishuku jua. Katika mji wa Nairobi, iwe Januari au Julai, jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili asubuhi na kuchwa kabla ya saa moja jioni, na tofauti kati ya siku iliyo ndefu kabisa na iliyo fupi kabisa katika mwaka haitimii robo saa. Ndiyo sababu wazee wetu waliweza kuhesabu saa kwa kulitazama jua: likisha kuchomoza kwa muda wa saa moja, basi ni saa moja. Hesabu hiyo ni ya watu wanaoliamini jua lao. Ukiichukua ukaenda nayo Uingereza, itakuharibikia kabla mwaka haujaisha.

Dunia huzunguka ikiwa imeinama kwa kadiri ya digrii 23 na nusu, na kwa ajili hiyo nchi zilizo mbali na ikweta hupata mwanga mwingi katika sehemu moja ya mwaka na mwanga haba katika sehemu nyingine. Mwezi wa Juni mji wa London hupata mwanga wa jua kwa muda wa saa 16 na nusu na zaidi. Mwishoni mwa Desemba hupata pungufu ya saa 8, na jua huchwa kabla ya saa kumi alasiri. Baina ya nyakati hizo yako majira ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika. Tangu mwishoni mwa Septemba kila siku hupungua kwa dakika zipatazo 4, hata juma moja likipita, karibu nusu saa ya mwanga imekwenda zake. Miezi hiyo kwetu ni miezi ya vuli. Mkulima wa Machakos huitazamia Oktoba kwa hamu, maana mvua yaja. Mkulima wa Uingereza huiona Oktoba kuwa mlango wa dhiki. Mwezi ni mmoja, bali mioyo ni miwili.

Katika insha hii nataka tutazame jinsi watu wa Uingereza walivyoyaona majira hayo tangu kale, na mambo waliyoyafanya ili kupambana na giza. Tukifuata habari hizo kwa utaratibu, tutaona kwamba giza liliwaangukia watu wote, lakini mzigo wake haukugawanywa sawasawa.

Tuanze zamani za mbali. Bede, mtawa msomi aliyekaa Jarrow katika kaskazini ya Uingereza, aliandika mwaka 725 habari za hesabu ya nyakati. Humo alieleza kwamba Waingereza wa kale, kabla ya kuwa Wakristo, waliuita Novemba mwezi wa dhabihu, kwa kuwa ng'ombe waliokusudiwa kuchinjwa walitolewa kwa miungu wakati huo. Sababu ya kuchinja si ngumu kuifahamu. Majani hayaoti katika baridi, na nyasi zilizokaushwa hazikutosha kulisha mifugo yote mpaka majira mema yarudi. Basi watu walikula nyama wakashiba, huku wakijua kwamba shibe hiyo ilikuwa kuagana na shibe. Mtu wa zamani hizo hakuliogopa giza kwa sababu ya giza lenyewe. Aliiogopa njaa iliyokuja nyuma yake.

Hata hivyo giza lilikuwa na fadhila yake: lilimpumzisha mtu wa kazi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1563 iliagiza kwamba kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Septemba kibarua awe kazini tangu saa kumi na moja alfajiri, wala asiondoke mpaka kati ya saa moja na saa mbili usiku. Lakini kutoka katikati ya Septemba hadi Machi alitakiwa afanye kazi tangu mapambazuko mpaka usiku kuingia, basi. Jua lilikuwa msimamizi ambaye tajiri hakuweza kumbembeleza. Walakini usidhani ya kuwa pumziko hilo lilikuwa bure, kwa maana mara nyingi ujira wa siku za baridi uliwekwa chini kuliko ule wa siku za joto. Kibarua alipumzika zaidi, akala kidogo.

Wako mafundi waliofanya kazi ndani ya nyumba, nao waliweza kuendelea kwa mwanga wa mishumaa. Mmoja aliyeandika habari zao ni Joseph Moxon, ambaye mwaka 1683 alianza kutoa kitabu juu ya kazi ya kupiga chapa. Asema kwamba kila mwaka, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo mwishoni mwa Agosti, bwana wa kiwanda aliwafanyia mafundi wake karamu. Na kabla karamu hiyo haijaandaliwa, mafundi hawakuwa na desturi ya kufanya kazi kwa mshumaa. Fikiri juu ya jambo hilo. Kupanga herufi ndogo za risasi mbele ya mwali unaotikisika ni kazi ya kuumiza macho. Mafundi wale hawakuweza kuyazuia majira, lakini desturi yao ilimlazimu bwana akiri kwa nyama na kinywaji kwamba alikuwa akiwaomba kitu cha thamani, nacho ni jioni yao.

Maskini wa mashambani hawakuwa na wa kuwaandalia karamu. Tangu mwanzo wa karne ya 18 hadi mwaka 1831 serikali ya Uingereza ilitoza ushuru juu ya mishumaa, na mtu hakuruhusiwa kujitengenezea mishumaa nyumbani pasipo leseni. Wasiojiweza walitumia utete laini uotao mahali penye majimaji: waliumenya, wakaukausha, kisha wakauchovya katika mafuta ya nyama. Kasisi mmoja, Gilbert White wa kijiji cha Selborne, aliwapenda wanakijiji wake kiasi cha kuwapigia hesabu. Katika barua ya Novemba 1775 aliandika kwamba utete mmoja mzuri huwaka karibu saa nzima, na kwamba kwa robo ya peni jamaa maskini waweza kupata mwanga wa saa tano na nusu. Alisikitika kuona kwamba walio maskini kabisa hununua mshumaa mdogo wa nusu peni usiodumu sana zaidi ya saa mbili, kwa kuwa hawajui kuweka akiba. Huenda aliwahukumu kwa ukali kidogo. Lakini hesabu yake yatuonyesha jambo la hakika: katika nyumba hizo, mama aliyeshona nguo baada ya jua kuchwa aliujua mwanga kwa bei yake.

Mwanzoni mwa karne ya 19 ulikuja mwanga wa gesi itokayo katika makaa ya mawe. Mnamo mwaka 1805 na 1806 William Murdoch alikiwekea taa za gesi kiwanda cha pamba huko Salford, na mwaka 1807 watu wa London walikusanyika katika njia iitwayo Pall Mall kutazama taa za namna hiyo. Mji uling'aa, maduka yakakawia kufungwa, na watembeao usiku wakawa na hofu pungufu. Lakini tazama upande wa pili. Taa ile ile iliyomfurahisha mtembezi wa njiani ilimwondolea mfanyakazi wa kiwandani ulinzi wake wa kale. Jua halikuwa tena na amri juu ya kazi. Tajiri aliweza kuendesha mashine saa zile zile Juni na Desemba, na katika miezi ya giza watoto na wanawake waliingia kiwandani kabla ya mapambazuko, wakatoka jua likiwa limekwisha kuchwa. Sheria za karne ile zilizopunguza saa za kazi zilidaiwa na watu waliolazimika kuutafuta kwa sheria mpaka ambao giza lilikuwa likiuweka lenyewe.

Ikabaki njia moja ambayo hakuna aliyeijaribu, nayo ni kuisogeza saa yenyewe. Mwaka 1907 mjenzi mmoja wa nyumba, William Willett, alichapisha kijitabu cha kulalamika juu ya mwanga upoteao bure. Aliona kwamba katika majira ya joto jua huchomoza mapema watu wakiwa wamelala, na kwamba mwanga huo ungewafaa zaidi jioni. Alishauri saa zisogezwe mbele kwa dakika 20 katika kila Jumapili nne za Aprili, na kurudishwa vivyo hivyo Septemba. Mswada ulipelekwa Bungeni mwaka 1908, wengi wakaucheka, wakulima wakaupinga. Willett alifariki mwaka 1915 pasipo kuona matunda ya kazi yake. Lililowashinda wabunge likafanywa na vita: Ujerumani na Austria zilisogeza saa tarehe 30 Aprili 1916 ili kuokoa makaa, na Uingereza ikafuata tarehe 21 Mei. Tangu hapo watu wa Uingereza wana siku moja katika majira ya kupukutika majani ambayo saa hurudishwa nyuma, na jioni huonekana kuanguka ghafula. Mtu aliyerudi nyumbani jana kukiwa na mwanga hurudi leo gizani, na huzuni iliyokuwa ikimjia kidogo kidogo humjia kwa mara moja.

Sasa waweza kuuliza: kwa nini basi wasiiache saa mbele mwaka mzima? Walijaribu. Mnamo Februari 1968 saa zilisogezwa mbele, na majira ya kupukutika majani yalipofika hazikurudishwa. Jioni ziliongezewa saa moja ya mwanga. Lakini mwanga huo haukutoka mbinguni, ulitoka asubuhi. Katika miezi ya baridi kali jua la London lilichomoza baada ya saa tatu asubuhi, na katika kaskazini ya Uskoti likakaribia saa nne. Watoto walikwenda shule katika giza tupu. Wengine walivalishwa vitambaa ving'aavyo mikononi ili wenye magari wawaone. Wauza maziwa, waashi na wakulima walinung'unika, na wazazi wa kaskazini wakalia zaidi ya wote.

Hapa ndipo historia inapotufundisha kuwa waangalifu. Hesabu za serikali zilionyesha kwamba walioumia barabarani asubuhi waliongezeka, lakini walioumia jioni walipungua kwa idadi kubwa zaidi. Hata hivyo, miezi michache tu kabla ya jaribio hilo, mnamo Oktoba 1967, ilikuwa imeanza sheria ya kuwapima pumzi madereva walevi, nayo pia iliokoa maisha. Kwa hiyo haikuwa rahisi kujua ni wangapi waliookolewa na saa na wangapi waliookolewa na sheria. Tena liko jambo lililo zito kuliko tarakimu. Mtoto aliyegongwa asubuhi gizani ana jina, na kijiji kizima humlilia. Mtoto ambaye hakugongwa jioni kwa sababu kulikuwa na mwanga hajulikani na mtu, hata mama yake hajui ya kuwa alikaribia kumpoteza. Tarehe 2 Desemba 1970 Bunge lilipiga kura: 366 walitaka jaribio likome, 81 walitaka liendelee. Oktoba 1971 saa zikarudishwa nyuma, na desturi ya kale ikaendelea.

Je, wabunge wale walifanya vyema? Wako waliosema na wanaosema hata leo kwamba walishindwa na machozi ya wachache wakasahau faida ya wengi. Wengine husema kwamba haki ya watu wachache walioko mbali na mji mkuu ndiyo ipasayo kulindwa kwanza, kwa maana wengi wana nguvu ya kujilinda. Mimi naona kwamba pande zote mbili zilikuwa na hoja, na kosa lingekuwa kudhani kwamba saa yaweza kuumba mwanga. Saa huugawanya tu. Na kila mgawanyo una anayepata na anayepunguziwa.

Jambo moja zaidi. Kwa muda mrefu mtu aliyelemewa na huzuni katika miezi ya giza aliambiwa kwamba ni mvivu. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini afanyaye kazi Marekani, yeye na wenzake walieleza kitabibu ugonjwa wa huzuni urudio kila mwaka siku zinapofupika, na kwamba wagonjwa wengine hupata nafuu wakikaa mbele ya taa yenye mwanga mkali. Basi waliolia zamani za taa za utete hawakuwa wakilalamika bure.

Msomaji, labda wewe nawe huondoka nyumbani alfajiri, nyota zikiwa bado juu, ili ufike shule kwa wakati. Kama ndivyo, wawaelewa watoto wale wa Uskoti kuliko mtu mzima wa London aliyefurahia jioni yake ndefu. Siku moja nawe utaketi katika baraza ya kijiji, au katika halmashauri ya shule, mahali ambapo watu huamua kazi ianze saa ngapi na taa iwekwe wapi. Hapo usiulize tu ni watu wangapi watakaopata mwanga. Uliza pia ni nani atakayetembea gizani kwa ajili yao, na ikiwa naye amepewa nafasi ya kusema.