Mvua Ilipoombwa Kaya

Kaskazi ilipoanza kulegea, mwezi Machi, babu alipunguza maneno. Mashamba yalishalimwa, na wazee wetu wa Kigiriama walikuwa na safari ya msituni: kuvoya mvula, kumwomba Mulungu masika kabla mbegu hazijatiwa ardhini. Mulungu kwetu ni jina la Mungu na la mbingu pia. Anayemwomba hahitaji paa.

Mwaka mmoja alinichukua. Nilivua viatu, nikafungwa kaniki kiunoni, nikaambiwa: huvunji kijiti, huokoti tunda, huulizi. Nikaachwa langoni. Wazee waliingia, wakaketi, wakanyamaza muda mrefu hata nikawa nasikia majani yakidondoka. Kisha mmoja akaanza kuzungumza na koma, waliotangulia, kwa sauti ileile ya kumsemesha jirani.

Mahali pale zamani palikuwa mji, ambao sisi huuita kaya. Wazee husimulia kwamba Wamijikenda, sisi Wagiriama tukiwa miongoni mwao, walitoka Singwaya, kaskazini, wakajenga makaya yao ndani ya misitu minene, wakiyafikia kwa vijia vyembamba na kuzika fingo la kuwakinga. Taratibu watu walitoka kutafuta mashamba, na kufikia miaka ya 1940 nyumba zilikwisha kuachwa. Makaburi yalibaki, na maombi yakabaki nayo.

Waingereza waliotutawala walilijua hilo. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwakusanya watu wake huko Kaya Fungo, wakala kiapo cha kukataa kodi na kazi za serikali. Mwaka uliofuata Waingereza wakailipua kaya hiyo kwa baruti. Wengi wa Wagiriama walikuwa wameshahamia mbali, kwenye mashamba yao. Kwa nini basi kupoteza baruti msituni? Nadhani Waingereza walikuwa wametambua kwamba moyo wa watu ulikuwa bado umeketi mle, chini ya miti. Na wazee walirudi kuomba.

Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu ya kaya katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2009 mila zake zikaandikwa katika orodha ya zile zinazohitaji kulindwa kwa haraka, na hiyo ndiyo inayoniuma. Mti unaweza kuwekewa mlinzi. Maneno ya babu nani atayalinda, nami niliachwa langoni?

Jioni ya siku ile ya maombi babu alirudi, akanawa miguu, akaangua mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya meko, akaanza kuyapukuchua. Nje jua lilikuwa bado kali, na mbingu haikuwa na wingu hata moja.