Picha ya Eksirei Kabla ya Mimba: Hofu Ilitoka Wapi?



Leo tuanze na mfano. Mama anataka kushika mimba. Amekohoa wiki kadhaa, usiku anatoka jasho, na nguo zimeanza kumpwaya. Daktari anamwandikia picha ya kifua. Akifika nyumbani anaambiwa, "Usiende, ile mashine itachoma kizazi." Anaikunja ile karatasi na kuiweka, na kikohozi kinaendelea. Je, hofu hii ilitoka wapi, na ina ukweli kiasi gani?

Tarehe 8 Novemba 1895, huko Ujerumani, mwanasayansi Wilhelm Röntgen aligundua miale isiyoonekana kwa macho, inayopenya nyama na kuonyesha mifupa. Wiki chache baadaye aliupiga picha mkono wa mkewe, na mifupa ya vidole pamoja na pete vikaonekana. Dunia ilishangilia, wala watu hawakujikinga. Waliofanya kazi na mashine hizo kila siku waliungua ngozi, na wengine wakakatwa vidole au mikono. Huko Marekani, Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison, alikufa kwa saratani mwaka 1904 baada ya kuungua na miale hiyo kwa miaka. Hofu basi haikuzuka bure.

Mtoto aliye tumboni alichelewa kufikiriwa. Kwa miaka mingi wajawazito walipigwa eksirei ya tumbo ili kupima nyonga au kuona mtoto alivyolala. Mwaka 1956 daktari mmoja wa kike wa Oxford, Uingereza, Alice Stewart, alianza kutangaza matokeo ya utafiti wake. Aliwauliza akina mama waliofiwa na watoto kwa saratani. Akakuta kwamba walikuwa wamepigwa eksirei ya tumbo wakiwa na mimba karibu mara mbili zaidi ya akina mama wengine. Madaktari wengi walimpinga kwa miaka, lakini mwishowe desturi ile iliachwa. Leo mjamzito hutazamwa kwa ultrasaundi, ambayo hutumia mawimbi ya sauti na haina mionzi.

Miaka ya 1970 ikaenea kanuni ya siku kumi: eksirei ya tumbo au nyonga ipigwe ndani ya siku 10 tangu hedhi ianze, kwa kuwa wakati huo ni nadra mimba kuwapo. Baadaye kanuni ililegezwa. Siku hizi, kwa picha nyingi, swali kubwa ni moja: je, hedhi yako imechelewa?

Sasa sikiliza vizuri, mama. Onyo la Daktari Stewart lilihusu mtoto aliyekwisha kuwa tumboni. Je, yule ambaye bado hajatungwa? Baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, wataalamu waliwafuatilia makumi ya maelfu ya watoto ambao mimba zao zilitungwa baada ya mabomu, kwa wazazi waliopata mionzi. Hawakuona ongezeko la kasoro za kurithi. Na mionzi ya eksirei haibaki mwilini. Mashine ikizimwa, imekwisha, kama taa inavyozimwa. Huna haja ya kungoja miezi ndipo utafute mtoto.

Kiasi nacho ni kidogo. Wataalamu wa kimataifa wanasema mionzi inayomfikia mtoto tumboni ikiwa chini ya miligrei 100 si sababu ya kutoa mimba. Picha moja ya kifua humfikishia chini ya sehemu moja ya mia ya miligrei moja. Ingehitajika picha zaidi ya elfu kumi kufika hapo. Siti skani ya tumbo au nyonga hutoa mionzi mingi zaidi, ndiyo maana huulizwa kwanza kama una mimba.

Hapa kwetu kifua kikuu ni adui wa zamani. Mwaka 1976, mjini Wajir, Muitaliano Annalena Tonelli alianzisha manyatta ya wagonjwa wa TB, ambapo wafugaji wanaohamahama walikaa na kumeza dawa wakisimamiwa hadi wamalize. Katika uchunguzi wa kitaifa wa TB wa mwaka 2015 na 2016, eksirei ya kifua iliwafichua wagonjwa ambao maswali ya dalili peke yake yangewakosa. TB isipotibiwa inaweza kuziba mirija ya uzazi ukakosa mtoto. Ukiwa na mimba, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Kwa hiyo yule mama wa mfano wetu, akiogopa picha kwa ajili ya kizazi, huenda anakilea kile kinachoharibu kizazi.

Kenya ilitunga sheria ya kinga ya mionzi mwaka 1982, na mwaka 2019 ikapata sheria mpya. Lakini mlinzi wa kwanza ni wewe mwenyewe. Fanya hivi:

Jua tarehe ya hedhi yako ya mwisho, na uitaje kabla ya picha. Hedhi ikichelewa, sema, upimwe mimba kwanza. Usione haya; omba kuzungumza na muuguzi wa kike ukipenda.

Ukimpeleka mtoto kupigwa picha nawe unahisi una mimba, mwambie mtu mwingine amshike.

Ukitibiwa kwa mionzi, kwa mfano dawa ya iodini yenye mionzi kwa ugonjwa wa tezi ya shingo, hiyo si picha. Muulize daktari ungoje muda gani. Kwa iodini hiyo kwa kawaida ni angalau miezi sita.

Na kama ulipigwa picha kabla ya kujua una mimba, usikimbilie kuitoa wala usilie peke yako. Rudi hospitali, ueleze ni picha gani na lini, upewe ushauri.

Ile karatasi uliyoikunja, mama, ikunjue. Tukutane kipindi kijacho, inshallah.