Mmenyuko wa Fenton

Mmenyuko wa Fenton ni mmenyuko wa kikemia ambamo ioni za chuma huvunja peroksidi ya hidrojeni (H₂O₂) na kuzalisha radikali ya hidroksili (•OH), mojawapo ya aina kali kabisa za oksijeni tendaji. Ndio mfano unaojulikana zaidi wa jinsi metali za mpito zinavyoigeuza peroksidi, ambayo peke yake ni tulivu kiasi, kuwa kitu kinachoweza kuharibu karibu kila kampaundi ya kaboni kinachokutana nayo.

Jina limetokana na mkemia Mwingereza Henry John Horstman Fenton (1854–1929). Mwaka 1876 alieleza rangi ya zambarau iliyotokea alipochanganya asidi ya tartari, chumvi ya chuma na peroksidi, kisha akaongeza alkali. Maelezo kamili zaidi aliyachapisha mwaka 1894. Wazo la kwamba radikali ya hidroksili inahusika lilikuja baadaye, katika miaka ya 1930, kutoka kwa Fritz Haber na Joseph Weiss.

Jinsi unavyotokea

Ioni ya chuma(II) huipa peroksidi elektroni moja, na kiungo dhaifu kilichopo kati ya atomi mbili za oksijeni hukatika:

Fe²⁺ + H₂O₂ → Fe³⁺ + OH⁻ + •OH

Chuma(III) kinachobaki hurudishwa kuwa chuma(II) na peroksidi nyingine:

Fe³⁺ + H₂O₂ → Fe²⁺ + HO₂• + H⁺

Hivyo chuma ni kichocheo, na kiasi kidogo hutumika tena na tena. Hata hivyo hatua ya pili ni ya polepole mara maelfu kuliko ya kwanza. Vitamini C huweza kuifanya kazi hiyo ya kurudisha chuma(II) haraka zaidi; ndiyo maana dutu inayosifiwa kwa kuzuia uoksidishaji inaweza kuuchochea ikikutana na chuma kilicho huru.

Kinachohitajika ni metali inayoweza kubadilika kati ya hali mbili kwa elektroni moja. Shaba (Cu⁺ na Cu²⁺) inaweza. Zinki, ingawa ni jirani ya shaba katika jedwali la elementi, haiwezi, kwa kuwa ioni yake ya kawaida ni Zn²⁺ tu.

Mmenyuko hufanyika vizuri zaidi kwenye pH ya karibu 3. Juu ya hapo chuma(III) hutuama kama mashapo yenye rangi ya kutu. Katika pH iliyo karibu na 7, wanakemia bado wanabishana kama kinachozalishwa ni •OH au ni kampaundi ya chuma(IV).

Ndani ya mwili

Seli huzalisha peroksidi ya hidrojeni wakati wote. Peroksidi inaweza kusafiri ndani ya seli, lakini •OH hudumu takriban nanosekunde moja tu, basi hushambulia palepale ilipozaliwa. Chuma kikiwa kimeshikamana na DNA, DNA ndiyo inayokatika. Kikiwa kwenye utando wa seli, mafuta ya utando ndiyo yanayoharibika.

Mwili hauna kimeng'enya cha kuiondoa •OH, kwa hiyo kinga yake huja mapema: katalesi huvunja peroksidi kuwa maji na oksijeni, nazo protini za transferini na feritini hukifungia chuma. Kwa wagonjwa wanaoongezewa damu mara nyingi, kama wenye thalasemia au selimundu, chuma huzidi uwezo wa protini hizo na kudhuru ini na moyo. Dawa kama deferoksamini hukishika ili kitolewe nje ya mwili.

Artemisinini, dawa ya malaria, hutegemea kemia ya jamii hiyohiyo. Molekuli yake ina daraja la peroksidi. Kimelea cha malaria kinapomeng'enya hemoglobini, chuma cha hemu hulikata daraja hilo, na radikali zinazotokea hushambulia protini za kimelea chenyewe. Artemeta, iliyomo katika dawa mseto inayotumika Tanzania na Kenya, imetengenezwa kutokana na artemisinini.

Matumizi

Mmenyuko huu hutumika kusafisha maji machafu ya viwandani, hasa yenye rangi za vitambaa ambazo bakteria hushindwa kuzivunja. Kasoro yake ni asidi inayohitajika na matope ya chuma yanayobaki.