Mto Ruvu na Programu za Kuchora kwa Mistari

Mto Ruvu huanzia katika milima ya Uluguru, hupokea maji ya Mgeta na ya Ngerengere, hupitia pande za Kisarawe na Kibaha, kisha huelekea kaskazini-mashariki hata kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Katika ramani nyingi za siku hizi mto huu wote huandikwa jina moja. Lakini msomaji anayefungua vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 hulikuta jina jingine. Richard Burton na John Speke, walipotoka pwani mwaka 1857 kwenda bara, waliufuata mto walioandika kuwa ni Kingani. Na Henry Stanley, alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871, alivuka Kingani vilevile. Wajerumani nao walilishika jina hilo, hata mojawapo ya meli zao za vita katika Ziwa Tanganyika, ile iliyotekwa na Waingereza mwezi wa Desemba 1915, ilikuwa ikiitwa Kingani.

Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907. Stesheni iliyo penye mto ikaitwa Ruvu, na jina hilo limo pia katika reli mpya, ambayo treni zake za abiria zilianza kwenda Morogoro mwaka 2024. Mitambo ya maji yanayopelekwa Dar es Salaam, wa Mlandizi uliojengwa mwaka 1959 na ule wa Bagamoyo uliofuata katika miaka ya 1970, huitwa Ruvu Juu na Ruvu Chini. Si ajabu basi kwamba Kingani limerudi nyuma katika maandishi. Wataalamu wa lugha nao wameliongezea Ruvu uzito, kwa kuwa kundi la lugha ambamo wameingizwa Kizaramo, Kikwere, Kikutu, Kikami na Kiluguru wameliita kwa jina la mto huu. Tena uko Ruvu mwingine kabisa, unaotoka Ziwa Jipe na kuingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ambao maji yake huendelea kwa jina la Pangani. Majina haya hayakugawanywa kwa mkato. Hupishana kwa mahali, kwa nyakati na kwa wasemaji.

Mambo haya yana uhusiano na programu za kompyuta zinazochora kwa mistari, kwa sababu programu hizo ndizo zinazochora ramani leo. Asili yake si ndefu. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika chuo cha MIT huko Marekani, alionyesha programu iliyomwezesha mtu kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo. Katika miaka iyo hiyo Wafaransa wawili, Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, walitafuta hesabu ya kueleza mapindo ya bodi ya motokaa. Hesabu hiyo huuweka mstari uliopinda kwa nukta chache tu, na kompyuta hujaza zilizobaki. Ndiyo iliyotumika katika lugha ya kupigia chapa ya PostScript mwaka 1984, katika kanuni za SVG mwaka 2001, na katika Inkscape, programu ya bure iliyotokea mwaka 2003. Picha ya namna hii yaweza kukuzwa mara mia bila kuchakaa, kwa kuwa haikuwekwa kama vitone vya rangi bali kama maelezo ya mistari.

Yafaa kukumbuka kwamba hesabu hii ilibuniwa kwa ajili ya bati. Pindo la bati likiisha kukubaliwa halisogei, na jina lake ni moja. Mto hausemi hivyo. Ruvu hufurika wakati wa masika, hukata kona zake katika nchi tambarare, na huacha madimbwi mahali ulipokuwa ukipita mwanzo. Mchoraji aliyeketi Dar es Salaam hana budi kuchagua ukingo mmoja wa siku moja.

Hapo ndipo penye hatari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hutaka mipaka ya kijiji ijulikane, na mara nyingi watu hutaja mto, korongo au mti kuwa ndio mpaka. Programu nazo zina amri ya kulainisha mstari, yaani kupunguza nukta zisizo na kazi ili mchoro uwe mwepesi. Kwa motokaa ni amri njema. Kwa mpaka unaofuata mto, kona moja iliyolainishwa yaweza kuhamisha shamba la mpunga kutoka kijiji hiki hata kingine, na hapana anayegutuka mpaka siku ya shauri. Pendekezo la kwanza, basi, ni kwamba programu imruhusu mchoraji kufunga nukta: kwamba nukta iliyokubaliwa na wazee wa pande mbili itiwe alama, na amri yo yote ya kulainisha iipite bila kuigusa. Pamoja na nukta hiyo uwekwe mwaka iliyopimwa.

Pendekezo la pili lahusu majina. Ghala ya ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, huruhusu mstari mmoja kuwa na jina la sasa, jina la zamani na jina jingine. Lakini picha inayotolewa kwa msomaji aghalabu huonyesha moja tu. Kazi ya Ramani Huria, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015 kwa wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa kata zenye mafuriko, ilionyesha kwamba wenyeji wakiulizwa hutoa majina na mipaka ambayo haimo katika karatasi za serikali. Yapaswa programu ya kuchora iweze kulaza majina mawili juu ya mstari mmoja, kila jina mahali linaposemwa, likififia taratibu pale linapoachia jingine. Kulaza maneno juu ya mstari uliopinda si jambo geni. Kilichokosekana ni kuruhusu mpaka wa jina usiwe wa kisu.

La tatu ni lugha ya programu zenyewe, na hili ndilo linalowagusa zaidi wanaoshughulika na Kiswahili. Mwaka 2004 mradi uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ambayo ndani yake ilikuwamo programu ya kuchora kwa mistari. Kazi ilikuwa kubwa, na ugumu wake wastahili kuelezwa. Waingereza huuita mstari wa mchoro kwa neno lenye maana ya njia. Likifasiriwa hivyo, mtu anayechora ramani ya Kibaha ataamriwa kufuta njia naye asijue kama ni mstari wa mchoro au ni njia ya miguu iendayo mtoni. Afadhali neno mstari libaki. Kwa nukta ishikayo pindo, kifundo lingefaa kuliko nukta tupu, kwa kuwa kila mtu ajua kwamba kifundo ndipo kiungo kinapokunjika. Tabaka limekwisha kuzoewa.

Lakini maneno si tatizo kubwa kama upatanisho wa kisarufi. Programu nyingi huunda taarifa zake kwa kuunga vipande: jina la kitu, kisha kitendo kisichobadilika. Kwa Kiingereza hupita. Kwa Kiswahili kifundo kimechaguliwa, mstari umechaguliwa, umbo limechaguliwa, vifundo vimechaguliwa, maumbo yamechaguliwa. Na kipande kimoja kilichogandishwa hutoa sentensi ambayo mtoto wa Mlandizi angeicheka. Watengenezaji hutoa nafasi ya umoja na wingi, wakidhani wamemaliza. Wanachopaswa kutoa ni taarifa nzima kwa kila kitu kinachotajwa, ili mfasiri aiandike kwa ngeli yake; na hilo lawezekana tu kama litadaiwa kabla programu haijafungwa, maana baada ya hapo mfasiri hupewa orodha ya vipande, wala haonyeshwi mahali vitakapotokea.