Mashindano ya Kuchapa: Kutoka Cincinnati hadi Mtandaoni

Ustadi wa kuchapa kwa vidole kumi bila kutazama vitufe ulijipatia jina kwa njia ya mashindano. Tarehe 25 Julai 1888, mjini Cincinnati, Marekani, Frank McGurrin, mwandishi wa hati mkato wa mahakama kutoka Salt Lake City, alipambana na Louis Traub kwa dau la dola 500. Traub alitumia taipureta ya Caligraph, ambayo vitufe vya herufi kubwa vilikuwa mbali na vya herufi ndogo. McGurrin alikuwa na Remington, ambayo kitufe kimoja hutoa herufi zote mbili, na mahali pa kila herufi palikuwa kichwani mwake. Walichapa dakika 45 kwa kusomewa na dakika 45 nyingine kwa kunakili. McGurrin alishinda katika sehemu zote mbili. Mwenzake aliinua na kuinamisha macho kati ya karatasi na mashine. McGurrin hakuyabandua yake kwenye karatasi.

Watengenezaji wa taipureta waligundua mara moja kwamba bingwa ni tangazo. Kampuni ya Underwood ilifundisha timu ya wachapaji wake, na mmoja wao, Albert Tangora, mwaka 1923 alichapa kwa saa nzima kwa wastani wa maneno 147 kwa dakika, makosa yakiwa yamekwisha kukatwa. Lakini ubingwa ulikuwa wa wachache. Darasani, iwe Chicago au katika Chuo cha Uhazili Tabora, mwanafunzi alijifunza kwa kurudia herufi za safu ya kati, kisha maneno mafupi, kisha barua. Njia hiyo ilitoa makarani hodari, lakini ilichosha. Mwalimu aliona kosa baada ya karatasi kutolewa, wakati vidole vimekwisha kulizoea.

Kompyuta za nyumbani ziliondoa kuchelewa huko. Mwaka 1981 Bruce Zweig alitoa MasterType kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Chombo cha anga kinakaa katikati ya skrini, na maneno yanakishambulia kutoka pembe nne. Mchezaji anachapa neno lililo karibu kabla halijafika. Akikosea herufi moja, neno linaendelea kuja. Kosa linaonekana papo hapo, na adhabu yake inaeleweka bila maelezo. Karibu kila mchezo wa kuchapa uliofuata umejengwa juu ya wazo hilo. Mwaka 1987 ikaja Mavis Beacon Teaches Typing, iliyochanganya masomo na mbio za magari. Wanunuzi wengi waliamini kwamba Mavis Beacon ni mwalimu wa kweli. Jina lilibuniwa, na picha ya kwenye boksi ilikuwa ya Renée L'Espérance, mwanamke mzaliwa wa Haiti. Kampuni ya Sega nayo, mwaka 1999, iliuchukua mchezo wake wa kupiga risasi wafu wanaotembea, ikaweka kibodi badala ya bunduki.

Michezo hiyo kwa kawaida ilikuwa na upungufu mmoja: mpinzani alikuwa mashine. Intaneti ilimrudisha mpinzani aliyekuwa binadamu. Mwaka 2008 Alex Epshteyn alianzisha TypeRacer, ambapo watu walio nchi mbalimbali huchapa aya moja kwa wakati mmoja, na kigari cha kila mmoja husogea kadiri anavyochapa kwa usahihi. Anayekosea hawezi kuendelea mpaka arekebishe. Anayepita maneno 100 kwa dakika hupewa jaribio jingine kuthibitisha kwamba hakutumia programu ya kudanganya. Hapo ndipo shindano la Cincinnati lilipofunguliwa kwa kila mwenye kompyuta. Nitro Type, inayopendwa sana shuleni, ilifuata mwaka 2011.

Je, wepesi unaotafutwa unatoka wapi? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Ufini, na cha Cambridge walichapisha uchunguzi uliofanywa mtandaoni kwa watu 168,000. Wastani ulikuwa maneno 52 kwa dakika. Idadi ya vidole haikuamua kasi kama ilivyodhaniwa tangu enzi za McGurrin. Wenye kasi walibonyeza kitufe kinachofuata kabla hawajaachia cha kwanza, na walikosea mara chache kuliko wenzao. Kwa hiyo mchezo unaomlazimisha mtu kurekebisha kosa una faida kuliko ule unaohesabu kasi peke yake.

Kwa wasemaji wa Kiswahili liko jambo la ziada. Mpangilio wa vitufe uliozoeleka umeiweka A chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu, na A ndiyo herufi inayotokea zaidi katika Kiswahili. Neno kama “wanawapata” hukirudisha kidole hicho kazini mara tano. Michezo iliyojaa maneno ya Kiingereza haikipi kidole hicho mazoezi ya kiasi hicho. Anayejifunza ili aandike Kiswahili na achague mchezo unaoruhusu maandishi yake mwenyewe, aweke humo aya za gazeti au kitabu cha Kiswahili, na kupima usahihi kwanza, kasi baadaye.