Gobori la Wazee Wetu

Mtu apitaye leo katika Kinondoni, au afuataye barabara ya Kilwa kupita Temeke mpaka Mbagala, haoni ila nyumba, maduka na magari. Ni vigumu kusadiki ya kwamba hapo palikuwa mashamba na mwitu. Walakini Sultani Majid wa Unguja alipoanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, nchi yote ya kandokando ilikuwa ya vijiji vya Wazaramo, na nguruwe walitoka vichakani usiku kufukua mihogo. Basi mwenye bunduki alikuwa mtu wa maana kijijini, kwa kuwa alilinda chakula cha wote. Tena alipopata paa au swala, majirani nao walipata kitoweo.

Bunduki yenyewe ilikuwa gobori. Na tuwaeleze vijana jinsi ilivyotumika. Mwindaji alimimina baruti kwa kipimo katika mdomo wa bunduki, akatia kitambaa au makumbi, akashindilia kwa ufito uitwao mdeki. Kisha akatia risasi, akashindilia tena. Kwa bunduki ya gumegume, jiwe lilipiga chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo iliyowekwa pembeni, ndipo moto ukaingia ndani. Ikiwa baruti imepata unyevu, hailii. Ikilia, moshi mwingi humfunika mpigaji, naye hajui kama amepata au amekosa. Wala hana risasi ya pili mpaka aanze kazi yote upya.

Kwa hiyo mwenye gobori alilazimika kuwa mwindaji kweli. Alijua upepo watoka wapi, alisoma nyayo, alitambaa mpaka karibu sana, akangoja mnyama ageuke. Haya ndiyo yanayowavuta hata leo wageni wenye mali, wajao kuwinda katika nchi yetu na bunduki za zamani, nao wanazo fedha za kununua mpya. Husema ya kwamba bunduki mpya humfanyia mtu kazi yote, bali ile ya kale humtaka ajue kazi mwenyewe. Maneno hayo yana kweli. Lakini sisi twapaswa kuuliza jambo moja: je, wazee wetu nao waliichagua?

Historia hutujibu. Majeshi ya Ulaya yalipopata silaha mpya, zile kuukuu ziliuzwa kwa wafanya biashara, nazo zikaja Unguja, zikavuka bara kubadilishwa kwa pembe za ndovu. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza huko Unguja alikadiria kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 zilipita humo kwa mwaka mmoja. Kisha Julai 1890 dola zilipatana katika Mkutano wa Brussels kuzuia bunduki zilizo bora zisifike mikononi mwa watu katika sehemu kubwa ya Afrika. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa. Gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa. Basi mzee wa Uzaramo hakushika gobori kwa kupenda ya kale. Alishika kile alichoachiwa.

Matokeo yake yalionekana mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza Umatumbi na kuenea hata sehemu za Uzaramo. Watu walikwenda na mikuki na magobori, wakitumaini dawa ya maji, kuzikabili bunduki za kisasa na bombom za Wadachi. Silaha iliyotosha kwa nguruwe haikutosha kwa vita, na maelfu ya watu walikufa.

Tena mtazameni mtu aliyekuwa na hiari. Frederick Selous, Mwingereza, alianza kuwinda tembo kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870 kwa bunduki kubwa za kushindilia. Mateke yake yalikuwa makali hata baadaye akajuta kuzitumia, akisema zilimharibia uthabiti wake wa kupiga. Alipopata zilizo bora, aliziacha zile. Mwisho wake ulikuwa katika nchi yetu: tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65, alipigwa risasi vitani huko Beho Beho, karibu na Rufiji, naye akazikwa huko.

Katika vita hiyo hiyo, askari wengi Waafrika wa jeshi la Wadachi walianza kupigana na bunduki ya mwaka 1871, ambayo moshi wake ulimwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Jeshi lenyewe la Ujerumani lilikuwa limekwisha pata nyingine zamani.

Wala tusijidanganye kwamba gobori lilikuwa na huruma. Katika karne iliyopita kabla ya hiyo ya vita, tembo wengi sana waliangushwa kwa bunduki za namna hiyo, kwa sababu ya bei ya pembe. Na silaha za upesi zilipoenea, hali ilizidi kuwa mbaya: katika nchi ya hifadhi iliyopewa jina la huyo Selous, tembo walikadiriwa kuwa kama 109,000 mwaka 1976, mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Chuma cha kale au kipya hakina dhambi wala wema. Tamaa ya mtu ndiyo iuayo.

Basi, kama katika nyumba ya babu limesalia gobori, mjukuu asilifiche darini wala asiende nalo porini. Sheria yataka kibali cha silaha na kibali cha kuwinda pia. Ila na akae kwa mzee aliye hai amwulize juu ya upepo, nyayo na kungoja. Gobori tuliachiwa na wengine, lakini maarifa yale yalikuwa yetu wenyewe, nayo yazikwa pamoja na kila mzee afaye kabla hajaulizwa.